Banda la Moshi

Moshi ni kitu kinachofukuzwa kila mahali. Mwenye nyumba huufungulia dirisha, mpishi huufumbia macho, na wakaao kuzunguka moto huhama upande huu na upande huu ili kuukwepa. Hata hivyo katika pwani ya kusini ya Kenya, toka Diani mpaka Vanga, moshi umekuwa mlinzi wa chakula kwa muda mrefu kuliko awezavyo kukumbuka mzee yeyote. Nataka kusimulia habari ya banda la moshi nililolijenga mara mbili: mara ya kwanza kwa majivuno, na mara ya pili kwa kuuliza. La kwanza lilidumu siku moja. La pili lasimama hata leo.

Mimi ni mwalimu, na umri wangu ni miaka 36. Nilizaliwa Msambweni, nikasoma huko, nikaenda chuo cha ualimu, kisha nikarudi kufundisha watoto wa kwetu. Karo yangu yote ilitoka katika karai la mafuta. Mama yangu ni mmoja wa wanawake ambao hapa kwetu huitwa mama karanga, yaani wale wanunuao samaki wadogo ufukweni vyombo vinaporejea, wakawakaanga na kuwauza njiani na sokoni jioni. Kazi hiyo ni ya mtaji mdogo na jasho jingi. Mwenye barafu aweza kungoja mnunuzi. Mama yangu hakuwa na barafu, na mnunuzi asipofika kabla ya usiku, faida yake ilioza.

Mwaka wetu wa bahari una pepo mbili kuu. Kusi huvuma toka Aprili hata Septemba hivi, bahari ikachafuka, na vyombo vidogo vikashindwa kutoka nje ya mwamba. Kaskazi huja toka Novemba hata Machi; maji hutulia, na samaki huwa tele. Mgeni angedhani kwamba mama karanga hulia wakati wa kusi na hucheka wakati wa kaskazi. Mimi nilimwona mama yangu akilia wakati wa kaskazi. Msimu mmoja vibua walishuka kwa wingi hata bei ikaanguka mchana mmoja. Alinunua ndoo mbili kwa matumaini, akauza nusu ya ndoo, na asubuhi akatuma watoto kuchimba shimo mgombani. Wahenga walisema kuwa samaki mmoja akioza, wote huoza. Siku ile niliona kwamba methali ile haisemi juu ya tabia za watu tu; yasema pia juu ya samaki wenyewe.

Jioni ile nilikaa jikoni kwa mama nikatazama juu. Juu ya mafiga palikuwa na uchaga, na katika uchaga mahindi ya mbegu yaliyopakwa weusi na moshi wa miaka. Fukusi hawakuyagusa. Nikajisemea: kama moshi walinda mahindi, kwa nini usilinde samaki? Nilijua pia kwamba samaki wa kubanika hudumu kuliko samaki wabichi, na kwamba ng'onda, yaani samaki aliyetiwa chumvi na kuanikwa juani, ni chakula cha kale cha pwani yote. Nilikuwa na cheti cha ualimu ukutani. Sikuona sababu ya kumwuliza mtu yeyote jambo jingine.

Banda langu la kwanza nililijenga kwa siku mbili za mwisho wa juma. Nilisimamisha nguzo nne za mvinje, nikapigilia mbao pande zote, nikaezeka makuti, na ndani nikatundika chanja mbili za fito. Kisha nikachimba shimo dogo katikati ya sakafu, chini ya samaki kabisa, nikawasha moto humo. Nililiweka banda hatua sita tu toka jiko la mama, ili asichoke kwenda na kurudi. Kila jambo nililolifanya kwa wema lilikuwa kosa, nami nitayahesabu makosa hayo, kwa kuwa msomaji atafaidika nayo kuliko nilivyofaidika mimi.

Kosa la kwanza lilikuwa kuweka moto chini ya samaki. Kibua ana mafuta. Akipata joto mafuta humtoka yakadondoka, na kila tone liangukalo juu ya makaa hugeuka ulimi wa moto. Kosa la pili lilikuwa makuti. Makuti makavu hayahitaji ulimi wa moto. Cheche moja yatosha. Kosa la tatu lilikuwa kulijenga banda upande utokao upepo. Kosa la nne nililifanya kwa mkono wangu mwenyewe saa kumi za alasiri. Niliona moshi umekuwa mzito na mweusi ukipenya kati ya mbao, nami nikaufungua mlango kwa ghafula ili nione kulikoni. Moto uliofungiwa huwa na njaa ya hewa. Nilipoufungulia mlango niliulisha. Uliruka toka shimoni mpaka darini kwa muda wa kupepesa jicho, na kaskazi ikachukua cheche ikazipeleka juu ya paa la jiko.

Majirani walikuja na ndoo na madebe, na wengine walitupa mchanga kwa mikono. Jiko liliokoka, ingawa lilipoteza robo ya paa. Banda halikuokoka. Lakini mama yangu, alipoona chanja ya chini imejaa samaki wa deni, alitia mkono ndani ili aivute. Fito ilikatika, na mafuta ya moto yakammwagikia toka kiganja mpaka kwenye kifundo cha mkono. Ulikuwa mkono wa kuume.

Mtu mmoja alikuja mbio na dawa ya meno ili ampake, na mwingine alitaka unga. Jirani yetu mmoja, aliyepata kufanya kazi zahanati, aliwazuia wote wawili. Alimkalisha mama kando ya mtungi, akamwagilia mkono ule maji baridi polepole kwa muda wa dakika 20, kisha akaufunika kwa kitambaa safi tukampeleka kwa mganga. Tangu siku ile nimewafundisha wanafunzi wangu jambo hilo kila mwaka: aliyeungua hupewa maji kwanza, wala hapakwi kitu cha jikoni.

Mama alikaa majuma matano bila kushika karai. Majuma yale yalikuwa ndiyo moyo wa msimu. Mimi nililipa deni la samaki kwa mshahara wangu, lakini sikuweza kulipa msimu. Hakunikemea, na kutokemewa kuliniumiza zaidi. Usiku mmoja nilimwambia, "Mama, nisamehe. Nilidhani najua."

Akanijibu, "Mkono utapona, mwanangu. Lakini samaki wangali wakioza. Nenda kwa mjomba wako ukamwulize."

"Mjomba ni fundi wa vyombo, mama. Yeye hakaushi samaki."

"Yeye huweka moto kwenye mbao kila mwaka, na mbao zake haziungui. Nenda."

Nilikwenda kesho yake. Mjomba alikuwa ufukweni na dau lililopandishwa juu ya magogo, maji yakiwa yamekupwa. Nilimpa shikamoo, akaniitikia bila kuacha kazi. Alikuwa ameshika kicha cha makuti yanayowaka, akikipitisha chini ya chombo toka omo mpaka tezi, ili kuua mchwa wa bahari watoboao mbao kabla ya kupaka shahamu. Ulimi wa moto uligusa ubao, ukaupasha, ukaondoka. Mkono wake haukusimama hata mara moja. Nilingoja mpaka alipomaliza, nikamweleza yote. Alinisikiliza, kisha akasema maneno ambayo sijayasahau:

"Ubao hauogopi moto upitao, mpwa wangu. Waogopa moto ukaao. Wewe uliukaribisha moto ukae ndani ya nyumba, kisha ukashangaa ulipojifanya mwenyeji. Utoe nje. Mwache moshi tu ndiye aingie."

Basi hilo ndilo jambo la kwanza na kubwa katika kujenga banda la moshi la mbao: moto hukaa nje. Banda la pili tulilijenga pamoja, mjomba na mimi, na mama akisimamia na mkono wake katika kitambaa. Tulichagua mahali pa wazi, hatua 30 toka nyumba yoyote ya makuti, tukafyeka majani na kufagia mpaka udongo ukabaki mtupu. Banda lilikuwa na upana wa mita moja kila upande na kimo cha mita mbili, kwa nguzo za mvinje na mbao za mwembe. Paa lilikuwa la bati, na katika bati tulitoboa tundu la dohani lenye kifuniko cha kusogeza. Kifuniko kile ndicho hatamu ya banda: kikifunguliwa sana joto hupotea, kikifungwa kabisa moshi hukwama ukawa mchungu, na samaki hutoka jasho badala ya kukauka.

Jiko la moto tulilichimba ardhini umbali wa mita moja na nusu toka banda, upande ambao upepo wa msimu hauwezi kupeleka cheche nyumbani. Nilitaka kulizungushia mawe ya matumbawe, kwa kuwa yamejaa kwetu na hayauzwi. Mjomba alikataa. Jiwe la matumbawe lina vitundu vinyonyavyo maji, na lenye unyevu hupasuka likipata moto. Tena ndilo jiwe ambalo wazee walilichoma katika tanuri ili wapate chokaa. Tulitumia matofali ya udongo yaliyochomwa. Toka jikoni tulichimba mfereji wenye kupanda kidogo kuelekea banda, kwa sababu moshi moto hupenda kupanda, tukaufunika kwa vipande vya bati na juu yake udongo wa kimo cha shibiri moja. Mdomo wa mfereji hufungukia chini ya sakafu ya banda, na pale tuliweka bati jingine lililoinama, ili joto litawanyike na mafuta ya samaki yatiririke kwenye sufuria ya maji pembeni. Hakuna tone liwezalo kufika motoni.

Popote bati la moto lilipokaribia ubao tuliacha nafasi ya shibiri, tukaijaza udongo. Hili lataka maelezo. Ubao mkavu huwaka wenyewe ukipata joto la nyuzi 250 au 300 hivi, na mtu aweza kudhani kuwa joto la chini ya hapo halina hatari. Lakini ubao upashwao siku baada ya siku hubadilika rangi, hukauka mpaka ndani, hugeuka kidogo kidogo kuwa kama makaa, na siku moja huwaka kwa joto ambalo jana ulilistahimili. Kwa hiyo ubao wenye doa jeusi haufai kusubiriwa. Hung'olewa siku ile ile. Na kando ya jiko huwapo daima ndoo mbili za mchanga na moja ya maji, hata siku ambayo hatutazamii kuwasha.

Kisha lilikuja swali la kuni. Jirani alinishauri kutumia mkoko, ambao makaa yake ni makali na moshi wake mzuri. Ni kweli, lakini ni kweli ya hasara. Katika ghuba ya Gazi, kaskazini ya Msambweni, mikoko ilikatwa sana katika miaka ya 1970 kuwa kuni za viwanda, na sehemu nyingine zikabaki matope matupu. Kazi ya kuipanda upya ilianza mapema katika miaka ya 1990. Toka mwaka 2013 watu wa Gazi na Makongeni, kwa mpango wao uitwao Mikoko Pamoja, wanatunza hekta 117 za mikoko na kuuza hewa ya ukaa inayohifadhiwa na miti ile, na fedha zake zimesaidia maji na shule. Samaki wengi hukulia utotoni mwao kati ya mizizi ya mikoko. Mtu akikata mkoko ili akaushe samaki wa leo, ameula mtaji wa samaki wa kesho.

Sisi hutumia makumbi na vifuu vya nazi kwa kuanzisha joto, na matawi makavu ya mwembe na mkorosho kwa moshi. Hatutumii msonobari, kwa kuwa utomvu wake hutoa masizi machungu. Wala hatutumii kamwe mbao zilizopakwa rangi au vipande vya nguzo zilizotiwa dawa ya mchwa, hata zikitolewa bure, kwa maana dawa hizo huweza kuwa na sumu ya aseniki, na moshi wake huingia katika nyama na katika pafu.

Samaki naye ana adabu yake. Moshi hauwezi kumfufua aliyekwisha kuharibika. Samaki kama jodari na vibua wakikaa juani bila barafu huzaa sumu ambayo haiondoki kwa moto wala kwa chumvi. Mlaji huona uso umewaka na moyo waenda mbio. Kwa hiyo huwapasua na kuwaosha mara watokapo chomboni, tukawatia katika maji ya chumvi, nusu kilo kwa lita tano, kwa saa moja, kisha tukawatundika kivulini chini ya wavu wa kuzuia nzi mpaka ngozi ikawe kavu na yenye kunata kidogo. Samaki aingiaye banda akiwa na maji huiva kwa mvuke akavunjika.

Joto huja kwa hatua tatu. Kwanza nyuzi 30 hadi 40, dohani wazi, ili akauke. Kisha nyuzi 50 hadi 60, dohani nusu, ndipo moshi ushike na rangi ya dhahabu ianze. Mwisho makaa husogezwa karibu na mdomo wa mfereji, joto likapanda mpaka nyuzi 80, na samaki akaiva. Nilinunua kipimajoto Ukunda. Tunakichoma katika minofu minene ya samaki mkubwa kuliko wote, na hatumtoi mpaka ndani yake pamefika nyuzi 63 na kukaa hapo nusu saa. Watu wa nchi za baridi hukausha samaki kwa moshi usio na joto. Mwenye kuwaiga katika hewa ya Kwale atawapa jirani zake ugonjwa.

Hatari mbili zimebaki, nazo hazina mwanga wala sauti. Ya kwanza ni hewa ya kaboni monoksaidi itokayo katika moto uliobanwa. Haina harufu, na humlaza mtu asiamke. Kwa sababu hiyo hakuna mtoto aruhusiwaye kujificha bandani, na sisi wenyewe hatuingizi kichwa mpaka mlango umekaa wazi muda wa kutosha. Mlango hufunguliwa polepole, baada ya kuziba kinywa cha jiko, ili yasitokee yale ya mara ya kwanza. Hatari ya pili ni lami ya moshi, ambayo ina vitu viletavyo saratani, na huzidi pale mafuta yanapodondokea makaa. Hili liliwasumbua watu wengi kabla yetu. Katika Ghana wanawake wa Chorkor, mtaa wa wavuvi kando ya Accra, wameyapa jina la mtaa wao majiko ya trei yanayookoa kuni nyingi. Na huko Senegal Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa lilishiriki kutengeneza tanuri lenye sinia la kukinga mafuta yasifike motoni. Niliposoma habari zile nilikumbuka bati letu lililoinama, nikafurahi. Mjomba hakufurahi wala hakushangaa. Alisema tu kwamba mafuta ni mafuta, hapa na huko.

Siku tulipowasha mara ya pili, nilikuwa na hofu ambayo sikuwa nayo mara ya kwanza, na hofu ile ilinifaa. Nilizunguka banda kama mlinzi. Nilisoma kipimajoto kila dakika kumi nikaandika katika daftari. Mama alinitazama kwa muda, kisha akaja na mkono wake wa kuume, wenye ngozi mpya ya rangi ya waridi, akauweka juu ya ubao wa ukuta karibu na mahali mfereji unapoingilia. Nilitaka kumzuia. Akaanza kuhesabu kwa sauti, moja, mbili, tatu, mpaka kumi, bila kuuondoa.

"Banda li salama," akasema. "Mkono ukishindwa kufika kumi, punguza moto."

Sasa hiyo ndiyo sheria ya banda letu, nami naiandika hapa kwa kuwa haiuzwi Ukunda. Kipimajoto hupima samaki. Mkono wa mama hupima mbao. Vibua wa kaskazi sasa hungoja siku kadhaa bila kuharibika, na mama huwapeleka Kinango na vijiji vya bara ambako samaki wa baharini hufika kwa nadra. Hajanunua karai jipya. Anasema la kale latosha kwa siku ambazo wateja wa nyumbani wametaka samaki wa kukaanga.

Wanafunzi wangu huniuliza kwa nini nawapeleka kulitazama banda kila mwaka, na kwa nini naanzia mahali penye majivu, pale liliposimama lile la kwanza. Huwajibu kwamba kuuliza si ujinga. Methali hiyo niliijua nikiwa mdogo kuliko wao, niliiandika ubaoni mara nyingi kwa chaki, na niliisahihisha katika insha za watoto wa watu. Gharama yake niliijua nilipouona mkono wa mama.